Siku 100 zimeisha, ukweni wanataka sherehe, na mwanangu kashinda na mwenye tetekuwanga

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usiliweke, niite tu mama wawili, nakaa Mbagala. Nakuandikia saa sita usiku maana mchana sipati hata dakika ya kukaa peke yangu, na nikiipata nalia.

Mwanangu wa kiume ana miaka 9, amezaliwa na sikoseli. Anti hayo maisha we yasikie tu kwa watu, kulazwa kila mara, kuongezewa damu, usiku mtoto anapiga kelele miguu inauma mpaka jirani anagonga kuuliza kuna nini. Mwaka huu tukachanga ukoo mzima, tukauza na kiwanja cha Chanika, tukampeleka India akapandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, aliyemtolea ni dada yake wa miaka 12 maana vipimo vyao viliendana. Namshukuru Mungu uloto ulishika. Tumerudi Dar akiwa siku ya 104 tangu apandikizwe, leo ni siku ya 118, anakula, anacheka, nywele zinaota.

Sasa shida ndo inaanzia hapa. Kule walikuwa wanasema siku 100, siku 100, kila kitu siku 100, kwa hiyo baba yake na ukoo wote wanajua siku 100 zikiisha mtoto kapona basi. Mama mkwe kashapanga shukrani Jumamosi ya wiki ijayo, turubai, pilau, watu kama 150, na mtoto akae mbele wapite kumpa mkono. Nikisema jamani bado naambiwa najifanya mzungu, naambiwa hela walichanga wao halafu mtoto namficha. Na hii barakoa yake na dawa nyingi anazomeza, ikiwemo siklosporini ya kushusha kinga, majirani washaanza kusema ana ngoma.

Asiklovia, ile dawa yake ya kuzuia virusi, iliisha wiki mbili zilizopita, nikazunguka famasi tatu sikuipata, baba yake akasema achana nayo, siku 100 si zimeisha, na kweli mtoto hana kidonda wala nini. Kile kipimo cha damu cha kirusi kinaitwa CMV tuliambiwa tukirudie kila wiki, hapa tumefanya mara moja tu, bei inatuumiza na mume wangu anasema mtoto mzima huyu unamtafutia ugonjwa wa nini.

Halafu Jumamosi wifi yangu kaja na wanawe, mmoja ana miaka 6 na mwingine kichanga cha miezi 2. Huyu mkubwa kashinda kitandani na mwanangu wanacheza gemu kwenye simu. Jumapili jioni wifi ananipigia, yule mtoto katokwa na malengelenge, kumpeleka zahanati wanasema tetekuwanga. Leo Jumanne. Mwanangu hana kipele hata kimoja. Mama mkwe anasema hawezi kupata, eti dada yake alishaugua tetekuwanga akiwa na miaka 4 kwa hiyo na kinga kamrithisha kwenye uloto. Ila kaleta majani ya mwarobaini nimuogeshe na mizizi ya kuchemsha anywe, na kapu la machungwa na mabalungi kutoka kwao Muheza.

Binti yangu kayasikia yote hayo, tangu juzi hataki kulala chumba kimoja na mdogo wake, anasema ataleta ugonjwa kutoka shule amuue. Nimtoe shule? Anti nimechoka, sijui nianzie wapi.

Mama wawili, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako niliiona alfajiri na sikungoja zamu ya safu, nikakutumia meseji hapo hapo, naiweka na hapa kwa ajili ya mzazi mwingine atakayepita: piga simu sasa hivi kwa daktari wa damu anayemfuatilia mtoto, mwambie maneno haya haya, mtoto kapandikizwa uloto siku 118 zilizopita, bado yuko kwenye dawa za kushusha kinga, asiklovia ameikosa wiki mbili, na Jumamosi alikaa kitanda kimoja na mtoto aliyetoka tetekuwanga Jumapili. Usingoje kipele.

Tetekuwanga inaambukiza siku moja au mbili kabla malengelenge hayajatoka, kwa hiyo ile Jumamosi inahesabika kabisa. Kuna sindano ya kinga iliyo tayari, ni kingamwili dhidi ya kirusi cha tetekuwanga, inafaa ikichomwa ndani ya siku 10 tangu mtoto akutane na mgonjwa na kadri inavyowahi ndo bora zaidi, isipopatikana daktari anaweza kutumia asiklovia au valasiklovia kwa dozi kubwa kuliko ile ya kila siku na yeye ndo atapanga ianze siku gani. Wewe usipandishe dozi mwenyewe. Na usimchukue mtoto ukaenda kukaa naye kwenye benchi la kliniki, piga simu kwanza wakwambie mlango wa kupita na saa ya kufika, kwa sababu kuanzia kama siku ya 8 baada ya kukutana na mgonjwa mpaka ya 21 mtoto anaweza kuwa anaambukiza kabla hata wewe hujajua, na kwenye lile benchi kuna watoto wa saratani na wa sikoseli. Akichomwa ile sindano hesabu inasogea mpaka siku 28. Ndani ya hizo siku mkague ngozi kila ukimuogesha, kichwani kwenye nywele na mdomoni pia, na jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba kwa aliyepandikizwa uloto, tetekuwanga au mkanda wa jeshi unaweza kuanza na maumivu makali ya tumbo kabla ya kipele chochote, maana kirusi kinaingia kwenye ini na mapafu. Kipele kimoja au tumbo likimkamata, ni hospitali saa hiyo hiyo hata iwe usiku wa manane, atawekewa asiklovia ya mshipa.

Sasa tuongee hii siku 100, maana naona ndo mzizi wa ugomvi wote ndani ya nyumba yako.

Siku 100 ni kipindi ambacho hatari nyingi kubwa zinajazana, ndo maana madaktari wanaihesabu hivyo na wengi hawamruhusu mtu kwenda mbali na hospitali. Haijawahi kuwa siku ya kupona. Mwanangu, kabla ya kumwekea uloto wa dada yake walimpa dawa kali za kuuzima uloto wake wa zamani, na kinga yake ya zamani ikaondoka nao. Seli nyeupe za mwanzo zinarudi ndani ya wiki chache, zile mnazoziona kwenye karatasi ya majibu mkashangilia, lakini seli za T, hizi ambazo kazi yake hasa ni kupambana na virusi, zinachukua miezi mingi, kwa wengine mwaka na zaidi. Juu ya hapo mtoto anakunywa siklosporini, ambayo makusudi yake ni kuzituliza hizo seli za dada zisiushambulie mwili wa mtoto. Kwa hiyo mtoto anacheka, anakula, nywele zinaota, yote kweli, na ndani askari wake bado ni kuruta wasio na silaha.

Na habari ya kurithi kinga ya dada, bibi hajakosea sana kuwaza hivyo, linaingia akilini, ila halitegemewi. Kumbukumbu kidogo inaweza kuvuka na uloto lakini inafifia, wala hakuna daktari atakayemwacha mtoto bila dawa kwa sababu hiyo. Hata chanjo zake zote za utotoni mzihesabu kama hazikuwahi kuchomwa, ataanza upya. Zile zisizo na kirusi hai huwa zinaanza kati ya mwezi wa 3 na wa 6 tangu apandikizwe au baadaye kidogo, daktari ndo anapanga, zile zenye kirusi hai kama ya surua zinangoja angalau miaka 2 na awe ameshaacha dawa za kushusha kinga. Likipita gari la matangazo la kampeni ya chanjo mtaani, yeye asipelekwe kabla hujauliza. Wewe, baba yake na dada yake ndo mchanje, hasa ya mafua makali mkiipata. Kile kichanga cha wifi chenye miezi 2 nacho kiko kwenye umri wa matone ya polio na rota, hayo ni chanjo hai na virusi vyake vinatoka na choo wiki kadhaa, kwa hiyo mwambie daktari wenu kwamba kichanga huwa kinakuja nyumbani, na kikitoka kupewa matone kisiletwe kwa mwanao mpaka aseme.

Turudi kwenye asiklovia. Virusi vya jamii hii, cha vidonda vya mdomo, cha tetekuwanga, CMV na wenzao, mtu akishavipata haviondoki, vinalala mwilini maisha yote na kinga ndo inavilinda visiamke. Huku kwetu CMV wengi tumeipata utotoni bila kujua. Sasa mlinzi akiondoka vinaamka, wala havihitaji mgeni wa kuvileta. Ndo maana asiklovia hupewa angalau mwaka mzima baada ya kupandikizwa uloto wa mtu mwingine, na inaendelea zaidi ya hapo ikiwa dawa za kushusha kinga bado zipo, soma tena zile karatasi mlizotoka nazo India. Ni dawa ya tangu miaka ya 1970, ilitoka kwenye timu ya mwanamama Gertrude Elion aliyekuja kupewa Nobel mwaka 1988, na uzuri wake inalala mpaka ikutane na kirusi, kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndo kinaiwasha, kwa hiyo seli nzima haizisumbui sana. Mpe mtoto maji ya kutosha tu kwa ajili ya figo. Ukikosa ya maji famasi muulize daktari kuhusu vidonge, usikae wiki mbili kimya, kimya hicho ndo kilichoniumiza kwenye barua yako kuliko hata wale wageni 150.

Na mume wako msomee hapa. Baba, asiklovia haitoshi kuizuia CMV, ndo maana kuna kile kipimo. Kipimo cha CMV kinatafuta kirusi kwenye damu wakati mtoto bado anacheza mpira. Kikianza kupanda, anapewa gansiklovia ya mshipa au valgansiklovia ya kunywa wiki kadhaa, kinashuka, maisha yanaendelea. Ukingoja dalili maana yake umengoja iingie mapafuni au tumboni, na zamani kabla ya vipimo hivi na dawa hizi, waliopata nimonia ya CMV baada ya kupandikizwa wengi sana walikufa. Hizo dawa nazo zina gharama mwilini, gansiklovia inashusha seli nyeupe na foskaneti, dawa nyingine ya CMV, inasumbua figo, ndo maana zinatolewa kwa kupimwa damu mara kwa mara. Ipo na letemovia, ilipitishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kuzuia CMV, ni ghali sana na tetekuwanga haiigusi kabisa, kwa hiyo hata wanaoipata asiklovia haiachwi. Mwulizeni daktari kwa hali yake ya sasa arudie kila baada ya siku ngapi na mpaka lini, maana CMV ya baada ya siku 100 ipo kwa walio bado kwenye siklosporini. Mkirudia kwa ratiba yake hamtafuti ugonjwa, mnauwahi.

Hela. Ukoo uliokuwa tayari kulisha watu 150 pilau na kukodi turubai una hela ya vipimo kadhaa vya CMV na asiklovia ya miezi. Hili ningelisema kwenye kikao mbele ya wote, bila aibu na bila hasira.

Homa. Hapa Dar mtoto akichemka tunakimbilia duka la dawa, mseto na panadol, kesho tutaona. Kwa huyu hapana. Kipima joto kikisoma 38 au zaidi ni hospitali, usimpe panadol kwanza ili ishuke, utawaficha madaktari wanachokitafuta. Watapima malaria, watapima na dengi, mnakumbuka dengi ilivyolipuka hapa jijini 2014 na 2019, na mbu wa dengi anauma mchana kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimalizi kazi, mwageni maji kwenye madumu, vifuu na matairi uani, na dawa kama diklofena, brufeni au aspirini asipewe bila daktari. Vingine vya kupeleka hospitali bila kungoja homa ni kikohozi kinachoongezeka au kuhema haraka, kuhara hasa kukiwa na damu, mkojo mwekundu au unaouma, maana kuna kirusi cha BK na adenovirusi vinapenda kibofu, macho kuwa ya njano, tezi za shingo kuvimba, usingizi usio wa kawaida au kuongea yasiyoeleweka. Na mafua ya kawaida ya watu wazima nayo yasidharauliwe, kwake yanaweza kushuka mapafuni, kwa hiyo anayepiga chafya haingii chumbani, awe nani.

Mwarobaini na mizizi. Majani ya kuogea sitagombana sana na bibi ila muulize daktari kwanza, ngozi yake ikichubuka ni mlango. Mizizi ya kunywa hapana kabisa, hatujui inafanya nini kwenye ini na figo ambazo tayari zina kazi ya kusafisha dawa zote hizo, na inaweza kupandisha au kushusha siklosporini kwenye damu. Mabalungi nayo hapana, na hili lina ushahidi mzuri, balungi linazuia utumbo kuivunja siklosporini, dawa inarundikana kwenye damu mpaka inakuwa sumu kwa figo. Machungwa matamu ya Muheza yaoshe vizuri, menya mwenyewe, mpe, na umwambie bibi machungwa yake yamefika.

Sasa huyo bibi, maana naona unamwogopa. Usimpelekee lugha ya hospitali. Mwambie hivi: mama, mtoto mchanga hatumtoi nje kabla ya arobaini wala hatumpitishi mikono ya watu, na hakuna anayesema tunaringa. Huyu mjukuu wako kazaliwa upya siku 118 zilizopita, damu mpya, kinga mpya, chanjo hana hata moja, arobaini yake ndo hii na daktari ndo atatuambia inaisha lini. Halafu mpe cheo. Yeye ndo akae mlangoni, anayekohoa arudishwe na yeye, anayeingia anawe mikono kwa sabuni mbele yake, maana wewe ukimrudisha mtu ni kiburi cha mkwe, akimrudisha bibi ni amri ya mkubwa. Shukrani ifanyike kwake bila mtoto kuwepo, dua isomwe, mtoto aonekane kwa video, watu wamshangilie huko huko. Sherehe ya kupeana mikono ingoje siklosporini iishe na daktari aseme. Kuhusu majirani na ngoma yao, huna deni la kumwonyesha mtu karatasi za hospitali, ila kama unaweza kusema mtaani kwamba alikuwa na sikoseli kapandikizwa uloto, sema, siku hizi hata hapa nchini inafanyika, Muhimbili walianza kupandikiza mwaka 2021 na Benjamin Mkapa kule Dodoma wakaanza kwa watoto wa sikoseli mwaka 2023, kuna mama jirani yako mwenye mtoto wa sikoseli ambaye anahitaji kusikia hilo kuliko wewe unavyohitaji kuficha.

Binti usimtoe shule. Akirudi avue yunifomu, aoge, anawe, ndo aingie kwa mdogo wake, na siku akiwa na mafua analala sebuleni au kwa shangazi. Tetekuwanga alishaugua kwa hiyo hii ya binamu yake si yeye wa kuiogopa. Lakini kaa naye, leo, kabla ya kulala. Mtoto wa miaka 12 kalala kitandani nchi ya watu akatolewa uloto kwenye nyonga, halafu amerudi nyumbani kila mtu anamzungumzia mdogo wake tu, na sasa anaamini yeye ndo atamuua. Mwambie kwamba mdogo wake anatembea leo kwa damu inayotengenezwa na seli zake yeye. Halafu mpe daftari na kipima joto, asubuhi na jioni apime, aandike tarehe, siku ya ngapi, joto, dawa ipi imemezwa na saa ngapi. Daktari wenu akiliona hilo daftari atalipenda, na binti atakuwa na sababu ya kurudi kwenye kile chumba.

Ukishaongea na daktari niandikie amesemaje kuhusu ile sindano.

Anti